Mchezo wa Mtoto na Khofu ya Nabii Yaqub (a.s.)



Shule zinapofungwa mwezi Juni, na tena mwezi Desemba, nyumba nyingi za Waislamu katika miji yetu hazipumziki, bali hubadilisha shughuli tu. Asubuhi mtoto yuko tuisheni. Baada ya adhuhuri yuko madrasa, ambayo nayo wakati wa likizo huongeza saa za kuhifadhisha Qur'ani. Jioni ni mpira, au karate, au kuogelea, na usiku ni runinga. Mama ndiye aliyebeba ratiba yote kichwani: jezi ya nani haijafuliwa, nani atapandishwa bodaboda na nani amekwama kwenye daladala. Baba kazi yake ni kulipa na kulalamika. Na mtoto aliyejaaliwa kuchaguliwa katika timu za UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ambayo kwa kawaida huangukia katikati ya mwaka, huondoka kabisa akakaa kambini mbali na wazazi.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara katika majira haya ni hili: Je, michezo hii inamfaa mtoto wa Kiislamu, au ni upuuzi unaompotezea wakati? Kwa maoni yangu, swali hilo halikuwekwa mahali pake, na atakaye kuliona mahali pake na arejee Surat Yusuf, kuanzia Aya ya 11.

Hapo tunawaona ndugu zake Yusuf wakimwendea baba yao na ombi ambalo kila mzazi amewahi kuombwa. Wamruhusu mdogo wao atoke nao kesho, afurahi na acheze, nao watamlinda. Tazama jawabu la Nabii Yaqub (a.s.). Hakusema kwamba mchezo haumstahiki mwana wa Nabii, wala hakusema abaki nyumbani asome. Alisema kwamba kuondoka kwake kutamhuzunisha, na kwamba anachelea mbwa mwitu asije akamla hali wao wameghafilika naye. Mchezo haukumtia khofu mzee yule; kilichomtia khofu ni kughafilika. Nao wakamjibu kwa kujiamini kwamba vipi mbwa mwitu atamla na wao ni kundi lenye nguvu! Kisha waliporudi usiku wakilia, udhuru waliouleta, kama ulivyo katika Aya ya 17, ni kwamba walikwenda kushindana mbio wakamwacha Yusuf kwenye vitu vyao. Ulikuwa uongo, kama ijulikanavyo, lakini waliuchagua kwa sababu ni uongo unaosadikika: watu wameshughulishwa na mashindano, na mtoto hana wa kumtazama.

Ama uhalali wa mchezo wenyewe, jambo hilo lina ushahidi wa kutosha. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi; waliozoezwa walitoka al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wasiozoezwa walitoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Abdullahi bin Umar (r.a.), naye wakati huo ni kijana, alikuwa miongoni mwa walioshindana. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake na wenziwe wakija kucheza naye, na Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza.

Na kuna kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kindege akimchezea, kisha kindege kikafa. Mtume (s.a.w.) alipomwona mtoto amenuna alimuuliza habari za kindege chake kwa maneno ya utani yenye vina. Mwanachuoni wa Kishafii Ibnul-Qass, wa karne ya nne Hijria, aliandika juzuu nzima juu ya hadithi hii fupi, akatoa humo faida 60. Mimi nataja moja tu: mtu aliyekuwa na mambo ya umma mzima mabegani alijua mtoto wa jirani anachezea nini. Leo mzazi analipa ada ya kituo cha mpira miezi mitatu, na ukimuuliza mwanawe anacheza nafasi gani uwanjani hajui.

Kwa wanaodhani kwamba likizo ingefaa kuwa ya kuhifadhi tu kuanzia alfajiri hadi isha, ni vyema wakamsoma Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111). Katika Ihyaa, anapozungumzia malezi, anausia mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri utakaompumzisha na uchovu wa masomo, bila ya kumchosha, na azoeshwe kutembea na kujinyoosha viungo sehemu ya mchana. Anaonya kwamba mtoto anayezuiwa kucheza na kulemewa na masomo daima, moyo wake hufa na akili yake huwa butu, mpaka akawa anatafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Sisi walimu wa madrasa tuna la kujifunza hapo. Mtoto anayetoka tuisheni saa 7 mchana na kuingizwa moja kwa moja katika hifdhi hatujui ni lini tumempa nafasi ya kuvuta pumzi. Na mchezo si lazima uwe wa kulipiwa. Rede, kombolela na chandimu ya mpira wa makaratasi hazikuwahi kudai ada.

Turudi basi kwa mbwa mwitu. Wa kwanza ni yule anayekula sala. Hapa Dar es Salaam mwezi Juni, alasiri huingia kabla ya saa 10 na jua huzama kiasi cha saa 12:15 jioni. Mazoezi ya timu nyingi yamekaa baina ya nyakati hizo mbili. Mtoto akitoka nyumbani kabla ya adhana ya alasiri na kurudi giza limeingia, amekosa sala moja na amechelewesha nyingine, naye ni yule yule ambaye tumeamrishwa tumwamrishe kusali tangu akiwa na miaka 7. Dawa yake si kumtoa mtoto katika timu. Mzazi aende akazungumze na kocha: mazoezi yaanze baada ya alasiri kusaliwa, na yamalizike saa 12 kamili. Wakati wa magharibi, kwa kauli aliyoitia nguvu Imam Nawawi katika madhehebu yetu, hudumu mpaka wekundu wa magharibi utoweke, kwa hiyo mtoto ana nafasi ya kunawa tope na kusali kwa utulivu. Makocha wengi, hata wasio Waislamu, hukubali wanapoambiwa kwa adabu. Wasichokiweza ni kubashiri jambo ambalo hawakuambiwa. Ndugu zetu walioko London wana mtihani wa aina nyingine: shule zinapofungwa huko mwishoni mwa Julai, jua huzama karibu saa 3 usiku, na aliyecheza mchana kutwa hulala kabla ya isha.

Mbwa mwitu wa pili ni kamari, na huyu huja amevaa jezi. Katika ndondo za mitaani ni kawaida kila timu kutoa kiingilio, fedha zikakusanywa, akanunuliwa mbuzi, na mshindi akaondoka naye. Wazazi huona ni furaha ya vijana. Lakini kila mmoja anapotoa chake kwa matarajio ya kuchukua cha mwenzake akishinda na kupoteza chake akishindwa, hiyo ndiyo maysir iliyokatazwa katika Surat al-Maida, Aya ya 90, hata kama mbuzi amechinjwa kwa Bismillahi. Iwapo mbuzi au kombe limetolewa na mtu wa nje asiyeshindana, wanazuoni wengi wa zama zetu hawakuona ubaya. Basi wafadhili wa mitaa watoe, na viingilio viishie kwenye mpira, filimbi na chokaa ya uwanja. Ama mikeka ya kubashiri matokeo ya ligi za Ulaya, hiyo haihitaji maelezo, isipokuwa kusema kwamba kijana huanza kuijua katika vibanda vya kuoneshea mpira, na humo ndimo tunamwacha usiku wa likizo kwa kuwa "yupo na wenzake." Kundi lenye nguvu!

Watatu ni maji. Maneno yale mashuhuri ya kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi hunasibishwa na Umar bin Khattab (r.a.); hayakuthibiti kuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.) kama yanavyosomwa mimbarini. Hata hivyo maana yake ni sahihi, na sisi watu wa pwani tunaihitaji zaidi. Watoto wanakwenda ufukweni makundi kwa makundi siku za likizo, na wengi wao hawajui kuogelea wala hawajui maji yanajaa saa ngapi. Anayetoa fedha za tuisheni ya hisabati na atoe pia za mtu mzima mwaminifu wa kumfundisha mwanawe kuogelea.

Na nimesema mwaminifu kwa makusudi. Mtu anayekaa na mtoto wako faragha, anayembadilisha nguo au kulala naye kambini, ni lazima umjue jina, nyumba na tabia. Uliza nani analala na watoto, na wasichana wako chini ya mwanamke gani. Kuuliza hivyo si kumdhania mtu vibaya, Nabii Yaqub (a.s.) aliwauliza wanawe wa kuwazaa mwenyewe.

Limebaki suala la binti. Katika nyumba nyingi likizo ya kaka ni uwanjani na likizo ya dada ni jikoni, na akiomba kwenda netiboli huambiwa ni mwali. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, baada ya watu kuamriwa watangulie mbele, akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa mzito, Mtume (s.a.w.) akamshinda naye, akamtania kwamba hiyo ni kwa ile. Basi stara ilikuwapo na mbio zilikuwapo. Hata udhuru wa mavazi umepungua: sheria za mpira wa miguu ziliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Kinachotakiwa ni uwanja wenye ukuta, mwalimu mwanamke, na kaka atakayeosha vyombo jioni mbili kwa wiki ili dada yake atoke.

Wallahu Aalam.