Je, Wajua? Tangi la Maziwa Halitengenezi Baridi

Tangi la kupozea maziwa linalonguruma kwenye kituo cha ushirika, iwe Githongo kule Meru au Runyenjes kule Embu, halitengenezi baridi hata chembe. Linahamisha joto. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na nyuzi joto kama 38. Gesi inayozunguka kwenye mabomba hulibeba joto hilo hadi kwenye kondensa, ule wavu wa mapezi membamba ya alumini ulio karibu na feni, na kulitupa nje. Weka mkono pale asubuhi maziwa yakishamiminwa: upepo ni wa moto. Kwenye mitambo mingine joto hilo hupasha maji ya kuoshea vyombo.

Sasa vumbi la kiangazi, nyasi na manyoya ya kuku vikiziba mapezi, joto hukosa pa kutokea. Kompresa, pampu inayosukuma gesi hiyo, hufanya kazi bila kupumzika, bili ya stima hupanda, na maziwa huchelewa kufika nyuzi 4. Dawa ni rahisi: zima umeme kwanza, kisha burashi laini na maji ya presha ndogo. Presha kubwa hukunja mapezi.

Na gesi? Haiishi kama petroli. Ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza tu bila kutafuta tundu, na wapo, ataitwa tena na kulipwa tena. Isitoshe, gesi nyingi za aina hiyo hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuzipunguza.