KINGA YA REJETA YA PIKIPIKI: NAMNA YA KUIFANYA NYUMBANI KWA GHARAMA NDOGO

Katika barabara ya kokoto, jiwe lisilozidi ukubwa wa harage laweza kuisimamisha pikipiki ambayo matope na mlima havikuweza kuisimamisha. Jiwe hilo hurushwa na magurudumu ya lori, au na gurudumu la mbele la pikipiki yenyewe, na likiipiga rejeta huitoboa tundu ambalo huenda lisionekane upesi. Maji huvuja kidogo kidogo, injini hupata joto kupita kiasi, na mwendeshaji hujikuta amekwama njiani pamoja na mzigo wake. Katika njia kama ile itokayo Maralal kwenda Loiyangalani kwa kupitia Baragoi na South Horr, ambako mawe ni mengi na mafundi ni wachache, kukwama namna hiyo si jambo dogo.

Dawa ya jambo hili ni kinga ya wavu wa waya iliyofungwa mbele ya rejeta. Mtu yeyote ajuaye kutumia mkasi wa bati na koleo aweza kuifanya nyumbani kwa nusu siku, kwa gharama iliyo ndogo sana kuliko bei ya rejeta mpya. Lakini yapasa kukumbuka jambo moja tangu mwanzo. Kinga ina kazi mbili, kuzuia jiwe na kupitisha upepo. Kinga inayozuia jiwe na upepo pamoja itaiharibu injini ile ile iliyokusudiwa kuilinda.

SI KILA PIKIPIKI INA REJETA

Kwanza mwenye pikipiki na aitazame injini yake. Pikipiki nyingi za boda boda katika Kenya, zenye injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150, hupozwa kwa upepo tu. Silinda zake zimezungukwa na mapezi ya chuma yanayotoa joto nje wakati pikipiki inapokwenda. Pikipiki hizo hazina rejeta, wala hazihitaji kinga. Tena haifai kufunga kitu chochote mbele ya mapezi hayo, kwa maana ni kuinyima injini upepo wake.

Kinga inayoelezwa hapa ni ya pikipiki zinazopozwa kwa maji, yaani pikipiki nyingi kubwa za safari ndefu na baadhi ya ndogo zenye injini za nguvu. Rejeta yake huonekana kati ya injini na gurudumu la mbele. Ina vijibomba vyembamba vilivyopangwa safu safu, na kati ya safu hizo mna vibati vyembamba sana vilivyokunjwa kunjwa.

REJETA HUFANYAJE KAZI?

Maji husukumwa na pampu na kuzunguka ndani ya injini, yakichukua joto lake. Kisha huingia katika vijibomba vya rejeta, ambako joto hupita katika vile vibati na kuchukuliwa na upepo. Maji yaliyopoa hurudi katika injini, na safari huanza tena. Pikipiki isimamapo, au iendapo polepole, upepo hupungua. Ndipo feni iliyo nyuma ya rejeta huanza kuzunguka yenyewe.

Maji hayo hufungiwa kwa kifuniko chenye springi, ili yakae katika shindo. Shindo likizidi lile la hewa ya nje kwa kadiri ya kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, maji yaliyo usawa wa bahari hayachemki katika joto la digrii 100, bali karibu digrii 120. Kwa hiyo tundu dogo huleta hasara mbili kwa pamoja: hutoa maji, na huondoa shindo linalozuia maji yaliyosalia yasichemke. Na kwa sababu hiyo hiyo, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ingali moto. Maji yataruka usoni kwa nguvu na kumwunguza mtu vibaya.

Vijibomba na vibati hivyo aghalabu ni vya alumini nyembamba, ili vitoe joto upesi, na wembamba huo ndio udhaifu wake. Tena nguvu ya jiwe huongezeka kuliko mwendo wake: mwendo ukiwa mara mbili, pigo huwa mara nne. Mwendeshaji anayepunguza mwendo anapopishana na lori katika kokoto ameilinda rejeta yake hata kabla ya kununua waya.

KUCHAGUA WAVU

Wavu unaofaa ni ule wa waya uliopakwa zinki, wenye matundu ya mraba ya milimita 5 hadi 6, na waya wenye unene wa milimita 1 hivi. Wavu kama huo huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na waashi huutumia kuchekechea mchanga. Kipande kidogo chatosha, na mara nyingine mabaki ya kazi ya mwashi yatatosha pia.

Yafaa kufanya hesabu kidogo kabla ya kununua. Tundu likiwa na milimita 6 kila upande, na waya ukiwa na milimita 1, upepo hupata nafasi wazi karibu sehemu 73 katika kila sehemu 100 za wavu. Huo ni wavu mzuri. Wako watu wanaochukua kipande cha bati na kukitoboa matundu kwa kekee. Matundu ya milimita 5, yakitengana milimita 10 kutoka katikati ya moja hata katikati ya lingine, huacha nafasi wazi sehemu 20 tu katika 100. Bati hilo litazuia mawe barabara, lakini injini itachemka katika mlima wa kwanza.

Wavu wa mbu nao haufai, maana matundu yake huzibwa upesi na matope, wadudu na mbegu za nyasi. Na wavu wa kuku una matundu makubwa mno: kokoto hupita humo kama kwamba hakuna kitu.

KUIFANYA KINGA

Vifaa vinavyotakiwa ni hivi: wavu, mkasi wa bati, koleo, tupa, rula, kipande cha karatasi ngumu ya boksi, mpira wa tyubu kuukuu, na mikanda midogo ya plastiki ya kufungia nyaya.

Injini ikiwa imepoa kabisa, karatasi ngumu iwekwe mbele ya rejeta na kukatwa mpaka ilingane nayo. Mahali pa bolti na mabomba paachwe wazi. Ni rahisi kukosea katika karatasi na kukata nyingine, lakini wavu ukikatwa vibaya umepotea. Kisha karatasi ilazwe juu ya wavu, na wavu ukatwe ukizidi karatasi kwa sentimita 1 na nusu pande zote. Ziada hiyo hukunjwa kwa koleo kuelekea nyuma, ili kinga ipate ukingo mgumu na ncha za waya zisichome mkono wala kukwaruza rejeta. Ncha zinazobaki zilainishwe kwa tupa na kupakwa rangi kidogo, kwa kuwa mahali palipokatwa hapana zinki tena na kutu huanzia hapo. Lakini rangi isiwe nzito hata ikaziba matundu.

Baada ya hayo, mpira wa tyubu ukatwe vipande virefu vyembamba na kuvishwa ukingo wote. Kazi hii isiachwe hata kidogo. Pikipiki hutikisika wakati wote, na waya wa chuma unaogusa alumini huisugua mpaka huitoboa. Tena chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini huliwa upesi. Mwenye kinga isiyo na mpira huenda akajitobolea rejeta mwenyewe bila ya kupigwa na jiwe.

Kinga ifungwe kwa bolti zile zile zinazoishika rejeta, ikiwa ni ndefu za kutosha, au kwa mikanda ya plastiki iliyozungushwa katika fremu ya pikipiki na mabano ya rejeta. Mikanda isipitishwe kati ya vibati vya rejeta. Kati ya wavu na rejeta pawe na nafasi ya milimita 5 hadi 10, ili jiwe likiubonyeza wavu, wavu usifike kwenye vijibomba.

KUIJARIBU KABLA YA SAFARI

Kwanza usukani ugeuzwe mpaka mwisho wa kulia na wa kushoto. Kisha mtu mzito akandamize mbele ya pikipiki, springi zishuke kabisa. Gurudumu, madigadi na mabomba ya breki visiguse kinga hata kidogo. Kinga inayozuia usukani ni hatari kubwa kuliko jiwe lolote.

Kisha ijaribiwe kwa joto. Kabla ya kufunga kinga, mwenye pikipiki apande mlima anaoujua, aangalie kipimo cha joto kinafika wapi, na feni huanza lini. Siku nyingine yenye hali ya hewa kama hiyo, kinga ikiwa imefungwa, apande mlima ule ule kwa mwendo na mzigo ule ule. Ikiwa joto limepanda kuliko kwanza, wavu ni mzito mno, na hapana budi kuubadili. Ikiwa pikipiki haina kipimo, feni na taa nyekundu ya joto vitampa habari.

UTUNZAJI, NA LA KUFANYA TUNDU LIKITOKEA

Kinga husafishwa kila baada ya safari ya matope. Maji yamiminwe polepole kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Maji ya mashine yenye nguvu nyingi yasielekezwe kwenye rejeta, kwa maana hulaza vile vibati na kuziba njia ya upepo. Kila mwezi mikanda itazamwe kama haijakatika, na mpira kama haujalika.

Hakuna kinga inayozuia kila jiwe. Taa ya joto ikiwaka, mwendeshaji asimame mara moja, azime injini, na kungoja ipoe kabisa. Maji baridi yakimiminwa katika injini iliyo moto, chuma chaweza kupasuka. Kijibomba kimoja kikiwa kimetoboka, chaweza kukatwa na ncha zake mbili kukunjwa na kubanwa kwa koleo. Rejeta itafanya kazi kwa vijibomba vilivyosalia, na pikipiki itafika kwa fundi kwa mwendo wa polepole. Maji safi ya kawaida yaweza kutumiwa kwa dharura hiyo, lakini baadaye yamwagwe na kutiwa maji ya rejeta yenye dawa, kwa sababu maji ya chumvi chumvi huacha ukoko ndani ya vijibomba na kuila alumini.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo jembe lake, rejeta iliyotoboka ni siku nyingi bila kazi. Nusu siku ya kukata na kukunja wavu ni gharama ndogo mno kuliko hiyo.