Uso wa pikseli, jina la mistari

Familia ikifiwa huku Kianyaga, wiki ya matanga huwa na kazi ya programu ya mazishi: kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu wake, ratiba ya ibada na nyimbo. Wengine huagiza pia bango la kutundika langoni. Mara nyingi picha nzuri ni moja tu, imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi na kupita simu kadhaa.

Picha hiyo ni vitone vya rangi vilivyopangwa kwa safu, yaani pikseli. Tuseme upana wake ni pikseli 1600. Chapa safi ya kijitabu huhitaji pikseli 300 hivi kwa inchi, kwa hiyo inatosha inchi 5 na kitu, karibu upana wote wa jalada la A5. Ukiitandaza kwenye bango la mita 3, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 2 hivi. Hata hivyo, mtu aliyesimama mita 7 kutoka hapo hatavitambua vitone, na uso utamjia vizuri. Ngozi na kivuli hubadilika rangi taratibu, na jicho husamehe.

Herufi hazisamehewi. Ukingo wake unatoka kwenye weusi na kuingia kwenye weupe ghafla, na jicho huona hata kijingazi kidogo. Ndiyo maana jina la marehemu lisiandikwe ndani ya picha. Faili ya JPEG hubana picha kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kuacha ukungu kuzunguka kila herufi.

Jina liandikwe kwa vekta. Hapo kompyuta huhifadhi nukta chache tu: kipande cha mkunjo kina nukta 4, mbili za ncha na mbili za kuuvuta. Paul de Casteljau, wa kampuni ya magari ya Citroën, alipata njia ya kuuchora mwaka 1959. Unganisha nukta hizo kwa mistari 3, tafuta katikati ya kila mstari, unganisha katikati hizo upate mistari 2, rudia, kisha rudia tena. Nukta inayobaki iko juu ya mkunjo wenyewe. Kukuza mara 20 ni kuzidisha vipimo vya nukta hizo 4 kwa 20, na ukingo unabaki laini vilevile. Mkunjo wenyewe ukaja kuitwa kwa jina la Pierre Bézier wa Renault.

Basi uso usafishwe kwenye GIMP au Photoshop, uondolewe mandhari ya nyuma na kuhifadhiwa kama PNG. Kisha uingizwe kwenye Inkscape au CorelDRAW, ambako jina, mapambo na nembo ya kanisa huchorwa. PDF hubeba vyote viwili bila kuvichanganya. Nembo iliyoletwa kama picha ya barua ya parokia ichorwe upya mara moja, itafaa miaka mingi. Uso usigeuzwe vekta kamwe. Kivuli cha shavu hugeuka mabaka.

Nyimbo za Kikuyu zina ĩ na ũ, na fonti nyingi za mapambo hazina herufi hizo. Chagua fonti iliyo nazo. Huenda mwenye mashine hana fonti hiyo, kwa hiyo kabla ya kumpelekea kazi, geuza maandishi yawe mistari, na ubaki na nakala inayoharirika, kwa sababu jina la mjukuu aliyesahaulika huletwa usiku wa kuamkia mazishi.