Kutoka Kazi ya Serikali Kwenda Kazi ya Benki

Leo tutazungumza habari za mtu anayeacha kazi ya serikali na kuingia kazi ya benki. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi bado najifunza kuandika barua, mambo ya benki yanihusu nini?" Yanakuhusu. Katika madarasa ya watu wazima wamo matarishi, walinzi wa ofisi, wapishi wa shule, na wazazi ambao watoto wao ni walimu au makarani wa halmashauri. Siku moja kijana atakuja nyumbani aseme, "Baba, nimepata kazi benki, nataka kuacha ualimu." Atataka shauri lako, na huwezi kumpa shauri juu ya jambo usilolijua.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: amana, mkopo, riba. Amana ni fedha ambayo mtu ameiweka benki. Mkopo ni fedha ambayo benki humpa mtu kwa sharti la kuirudisha. Riba ni nyongeza inayolipwa juu ya fedha hiyo. Benki humpa mwenye amana riba ndogo, na humtoza mkopaji riba kubwa zaidi. Katika tofauti hiyo, pamoja na ada inazotoza, ndimo benki inamopata fedha za kulipa mishahara, kodi ya nyumba na umeme.

Hapo pana tofauti ya kwanza. Mshahara wa karani wa serikali hutoka katika bajeti iliyopitishwa na Bunge. Mshahara wa karani wa benki hutegemea biashara ya benki. Biashara ikiwa mbaya kwa muda mrefu, tawi laweza kufungwa na watu wakapunguzwa, hata wale waliofanya kazi kwa bidii.

Zamani mpaka huo haukuwa mkubwa kama ulivyo leo. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966, gavana wake wa kwanza, Bwana Edwin Mtei, alitoka Hazina, alikokuwa Katibu Mkuu. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilizitaifisha benki za biashara na kuunda Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC. Aliyepewa kuiongoza ni Bwana Amon Nsekela, ambaye hapo kwanza alikuwa mwalimu, kisha akapanda katika utumishi wa serikali hata akawa naye Katibu Mkuu wa Hazina. Wakati ule mtu aliyetoka wizarani kwenda benki alibadili meza tu. Mwenye nyumba alikuwa yule yule. Mambo yalibadilika baada ya sheria ya mwaka 1991 iliyoruhusu benki za watu binafsi. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na mwaka 2000 hisa zake nyingi ziliuzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika ya Kusini. Hata hivyo serikali bado ina hisa katika NBC na NMB, na TCB, iliyokuwa Benki ya Posta, ni ya serikali kwa sehemu kubwa. Basi kijana akikuambia "nakwenda benki," muulize kwanza: benki hiyo ni ya nani? Jibu lake litagusa mambo mengi, na hasa mfuko wake wa pensheni, kama tutakavyoona.

Sasa tuingie ndani ya benki yenyewe. Tuseme yuko karani wa fedha katika halmashauri moja. Amekusanya ushuru miaka mingi, ameandika stakabadhi, na hajapotea hata senti. Anasema, "Kuhesabu fedha nimezoea." Asemalo ni kweli, lakini atakutana na mambo asiyoyazoea.

Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, karani wa dirishani, yule tumwitaye keshia, hupewa fedha za kuanzia kutoka chumba cha hazina. Chumba hicho hakifunguliwi na mtu mmoja. Funguo ziko mbili, na walioshika ni watu wawili. Keshia huhesabu fedha mbele ya aliyempa, kisha hutia sahihi. Tangu hapo fedha hizo ni mzigo wake yeye peke yake. Mchana kutwa hupokea na kutoa. Jioni milango ikifungwa, wateja wamekwenda zao, yeye bado hajaondoka. Ni lazima hesabu ikubali.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Alianza na shilingi 5,000,000. Akapokea kutoka kwa wateja shilingi 12,400,000. Jumla ni 17,400,000. Akatoa kwa wateja shilingi 9,650,000. Basi katika sanduku lake lazima zibaki shilingi 7,750,000. Anahesabu noti mara ya kwanza, anapata 7,740,000. Anahesabu mara ya pili, bado ni 7,740,000. Shilingi 10,000 ziko wapi? Labda noti mbili mpya ziligandamana akampa mtu moja zaidi. Atatafuta katika karatasi zote za siku ile. Asipozipata, utaandikwa upungufu, na katika benki nyingi keshia hulipa mwenyewe. Na kama zimezidi 10,000 je? Hazitii mfukoni. Nazo huandikwa, kwa maana ni za mteja fulani ambaye kesho atakuja kuzidai.

Katika ofisi ya halmashauri kosa la namna hiyo laweza kugunduliwa na mkaguzi baada ya miezi. Benki hujulikana siku ile ile. Wako watu wanaopenda utaratibu huu, kwa sababu mtu hulala akijua kwamba ya leo yamekwisha leo. Wako wengine ambao huwanyima usingizi. Kwa maoni yangu, tofauti hii ni kubwa kuliko ya mshahara, na ajabu ni kwamba vijana wengi hawaiulizi kabisa. Huuliza mshahara, na huuliza tai.

Tena kuna siri. Keshia anajua nani ana fedha na nani hana. Anajua kwamba jirani yake amepokea mafao ya marehemu mumewe. Haruhusiwi kumwambia mtu, hata mkewe, hata mama yake mzazi. Mkoani, ambako sote twajuana, jambo hili ni gumu. Ndugu atakuja usiku, kwa upole, aulize tu kama fulani anaweza kulipa deni. Keshia akijibu, hata kwa kutikisa kichwa, amevunja amana ya kazi yake.

Kadhalika kuna desturi moja ya benki ambayo huwashangaza wageni. Katika benki nyingi mfanyakazi hulazimishwa kwenda likizo, tena kwa siku zinazofuatana, na mwingine hukalia kiti chake. Sababu ni kwamba anayeficha wizi huogopa kuondoka, asije mwingine akafungua daftari. Serikalini mtu asiyechukua likizo mwaka baada ya mwaka husifiwa kwa bidii. Benki hutiliwa shaka.

Karani wetu atajifunza pia kumwuliza mkubwa. Zamani bwana mkubwa akiingia ofisini, yeye alisimama. Sasa bwana mkubwa yule yule akileta dirishani mfuko wa fedha nyingi kuliko kawaida yake, keshia hana budi kuomba kitambulisho na kuuliza fedha zimetoka wapi. Kwa sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia fedha haramu, benki inapoona muamala wenye mashaka ni wajibu kuutolea taarifa. Heshima yabaki, lakini swali huulizwa.

Msidhani kwamba kila anayetoka serikalini huanza dirishani. Iko kazi nyingine, ya afisa mikopo, na hapa ndipo watumishi wa umma wanapoweza kuwashinda vijana waliotoka chuoni na shahada ya fedha. Afisa mikopo humtembelea anayeomba mkopo, huangalia shamba au duka lake, kisha huamua kama atalipa. Bwana shamba aliyefanya kazi vijijini miaka kumi anajua mpunga huvunwa lini, na kwa hiyo anajua kwamba ni upuuzi kumtaka mkulima arudishe mkopo miezi mitatu kabla ya mavuno. Anajua kutazama ghala. Anajua pia kwamba mtu mwenye maneno mazuri barazani si lazima awe ndiye mlipaji. Ujuzi huo benki hauwezi kuununua sokoni. Lakini naye ana lake la kuzoea: zamani aligawa ushauri bila malipo, na mkulima akishindwa ilikuwa hasara ya mkulima. Sasa mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa huitwa mkopo chechefu, na jina la afisa aliyeupitisha liko juu ya karatasi. Tena hupewa lengo: wateja kadhaa, mikopo ya kiasi kadhaa, kwa mwezi. Lengo lisipofikiwa mara kwa mara, huitwa kueleza.

Sasa mshahara. Tuseme serikalini analipwa 800,000 kwa mwezi, na benki ya watu binafsi inamwahidi 1,000,000. Atasema, "Nimeongezewa 200,000." Ngoja kidogo. Serikalini yumo katika mfuko wa PSSSF, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko kadhaa. Yeye hukatwa 5 kwa mia, yaani 40,000, na mwajiri humwekea 15 kwa mia. Katika benki ya watu binafsi ataingia NSSF, na huko desturi ni mfanyakazi kukatwa 10 kwa mia na mwajiri kuweka 10. Kumi kwa mia ya 1,000,000 ni 100,000. Tofauti ya makato ni 60,000. Haijapotea, ni akiba yake, lakini haitaingia jikoni mwezi ule. Katika ile 200,000 imebaki 140,000, na bado hatujatoa kodi ya mapato, ambayo hupanda kadiri mshahara unavyopanda. Kama tawi liko mji mwingine, kuna nyumba ya kupanga, nauli, na shule mpya za watoto. Sisemi faida haipo. Nasema ihesabiwe kwa kalamu.

Mikopo nayo isisahauliwe. Watumishi wengi wa serikali wamekopa kwa kutegemea mshahara, na fedha hukatwa kabla haijawafikia. Ukiacha kazi, makato hayo yatakoma, lakini deni halikomi. Nenda ulipokopa kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, mpatane namna ya kulipa. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu ataendelea kukatwa 15 kwa mia kwa mwajiri mpya pia.

Sasa lile lililo zito zaidi, nalo ni pensheni. Ili mtu apate pensheni ya uzeeni hapana budi awe amechangia miezi 180 kwa uchache, yaani miaka 15. Karani wetu amefanya kazi miaka 12. Miaka 12 ni miezi 144. Toa 144 katika 180, unabaki na 36. Anaondoka akiwa amebakiza miaka mitatu tu! Kabla ya kutia sahihi mahali popote, aende ofisi ya PSSSF aombe jibu kwa maandishi: miezi yangu iliyoandikwa ni mingapi, na nikiingia mfuko mwingine itahesabiwaje? Azitazame pia tarehe, kwa maana mara nyingine michango ya miaka ya mwanzo haikuandikwa sawasawa, na ni rahisi kuitafuta ungali ndani ya ofisi kuliko ukiwa mgeni mlangoni.

Barua ya kuacha kazi itoe taarifa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa isiyopungua siku 28. Asiitoe kwa sababu ya maneno ya simu. Aingojee barua ya benki yenyewe, yenye cheo, mshahara, na muda wa majaribio. Katika muda huo wa majaribio benki yaweza kumwambia kwamba hafai, na kile kiti chake cha serikalini kitakuwa kimekwisha kupata mtu. Mwenye watoto wanne na mwenye mke mgonjwa hawawezi kupima hatari hiyo kama kijana asiyeoa, na wala asiwepo wa kuwacheka wakiamua kubaki.

Mwalimu, sasa wape wanafunzi hesabu hii. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi amechangia miaka 13 na miezi 4. Amebakiza miezi mingapi kufika 180? Mshahara wake ni 900,000, na benki ya watu binafsi inamwahidi 1,100,000. Atakatwa kiasi gani kwa pensheni hapa, na kiasi gani kule? Kisha mjadiliane: kama angekuwa binti yako, ungemshauri aende sasa, au angoje kwanza ile miezi iishe? Andikeni majibu yenu katika madaftari, tutayasahihisha katika kipindi kijacho.