Matege ya mtoto: mama aachwe, kisima kiulizwe

Safari hii swali limetoka ukanda wa Sekenke na Shelui, wilayani Iramba, lakini lingeweza kutoka popote Singida. Mtoto ana mwaka na nusu, ameanza kutembea, miguu ina matege. Bibi yake anasema kabemendwa, yaani mzazi mmoja alitoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado mchanga. Jirani anasema ni maji ya kisima. Nani mkweli?

Bibi nampa shikamoo yake, lakini hapa amekosea. Mfupa wa mtoto haujui baba kalala wapi. Imani ya kubemenda imevunja ndoa za watu na haijanyoosha mguu hata mmoja, na ajabu yake ni kwamba kila inapotajwa, anayeanza kutazamwa ni mama. Mbeleko nayo isisingiziwe. Mtoto anayebebwa mgongoni huku miguu imetanuka kiunoni mwa mama anakaa mkao unaozifaa nyonga zake, na wataalamu wengi wa mifupa wanaamini hiyo ni sababu mojawapo ya nyonga zilizoteguka tangu kuzaliwa kuonekana kwa nadra Afrika. Kusimama mapema hakupindi mifupa yenye afya.

Jirani ana hoja, ila si kwa mtoto huyu. Watoto karibu wote huanza maisha na matege. Mwaka 1975 Salenius na Vankka, watafiti wa Finland, walichapisha vipimo zaidi ya elfu moja vya miguu ya watoto, na mwenendo walioukuta ndio wanaoutumia madaktari hadi leo: matege hadi karibu umri wa miaka miwili, kisha mguu unageukia upande wa pili na magoti yanakaribia kugongana, hasa kati ya miaka mitatu na minne, halafu unanyooka polepole hadi miaka sita au saba. Kwa hiyo mtaalamu wa mnadani akipokea mtoto wa mwaka na nusu, akamchua na kumchanja chale kwa miezi minane, miguu itanyooka. Atalipwa mbuzi kwa kazi iliyofanywa na umri. Biashara nzuri kweli.

Wasiwasi uanze pale matege yanapozidi baada ya miaka miwili badala ya kupungua, mguu mmoja unapopinda kuliko mwenzake, mtoto anapolalamika maumivu au kukataa kutembea, au vifundo vya mikono vinapokuwa vinene kuliko kawaida. Mlaze chali, unganisha vifundo vya miguu, tazama nafasi kati ya magoti: ikizidi sentimita 6 hivi, nenda hospitali.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ugonjwa wenyewe, na kwa eneo kama Singida kuna mambo mawili ya kutazama kwa pamoja, chakula na maji.

Kuhusu chakula, hoja ninayoisikia hadi nimechoka ni hii: matege ni ugonjwa wa Wazungu wasioona jua, sisi jua tunalo hadi la kugawa. Nusu yake ni kweli. Jua husaidia ngozi kutengeneza vitamini D, na vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Lakini kama kalsiamu yenyewe haipo kwenye sahani, utumbo utafyonza nini? Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 123 wa Nigeria wenye matege ya mifupa laini. Watoto hao walikuwa wakiishi juani na kula kalsiamu ya miligramu 200 hivi kwa siku, kiasi kidogo mno. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Baadaye Nigeria hukohuko watafiti walijaribu unga wa samaki waliosagwa na mifupa yao, nao ukafanya kazi. Mama wa Sekenke anayesaga dagaa na kuwachanganya kwenye uji wa uwele hajashika tiba ya kimaskini hata kidogo.

Sasa maji. Wasomaji wa historia wanakumbuka kwamba dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopelekwa Tabora mwaka 1916 kutengenezwa sarafu za Wajerumani za rupia 15. Mwamba haugawi dhahabu peke yake. Granaiti za katikati ya Tanzania zina madini yenye floraidi, na Singida imo katika orodha ya mikoa ambayo maji yake ya ardhini yanajulikana kuwa na floraidi nyingi, pamoja na Shinyanga, Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Huko kusini-magharibi mwa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wamekwenda kijiji kwa kijiji wakichunguza watoto waliopinda miguu kwa sababu ya floraidi hiyo.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili: floraidi hufanya mfupa uwe mgumu na laini kwa wakati mmoja. Ugumu wa mfupa unatokana na fuwele ndogo za kalsiamu na fosfeti. Ndani ya kila fuwele kuna nafasi inayokaliwa na haidroksaili, na floraidi inaenea katika nafasi hiyo vizuri zaidi kuliko mwenye nyumba. Inaingia, inakaa, haitoki kirahisi. Mtu mzima hubakiza mwilini kama nusu ya floraidi aliyofyonza, lakini mtoto mdogo, ambaye mifupa yake ingali inajengwa, anaweza kubakiza zaidi ya theluthi mbili. Ukiishia hapo ungesema mfupa umeimarishwa, na kweli kwenye picha ya eksirei unaonekana mweupe na mzito.

Lakini floraidi hiyohiyo inazichochea seli zinazojenga mfupa zifanye kazi kwa pupa. Zinamwaga utando mwingi mpya unaosubiri kalsiamu ili ukomae. Mahitaji ya kalsiamu yanapanda ghafla. Mtoto anayekunywa maziwa anamudu. Mtoto wa ugali na mlenda bila dagaa wala maziwa hamudu. Kalsiamu ya damu inaelekea kushuka, na tezi nne ndogo za shingoni zinapiga mbiu kwa homoni inayokwenda kuchota kalsiamu pale ilipo, yaani kwenye mifupa iliyokwishajengwa. Kwa hiyo uti wa mgongo unakuwa mzito huku mifupa ya miguu, karibu na magoti ambako gegedu la ukuaji linafanya kazi usiku na mchana, ikilegea chini ya uzito wa mtoto anayekimbia. Ndiyo maana watoto wawili wa kisima kimoja wanaweza kuwa na miguu tofauti, na ndiyo maana nasema sahani na ndoo zitazamwe pamoja.

Shahidi wa kwanza yuko mdomoni. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa ndani ya fizi katika miaka ya mwanzo, hivyo yakitokea na mabaka meupe kama chaki au ya kahawia, yanaeleza maji aliyokunywa mtoto alipokuwa mdogo. Walimu wanaowaambia watoto hao kuwa hawapigi mswaki waache. Hakuna mswaki unaotoa rangi hiyo.

Maji nayo yana hila. Pale yanapokuwa na kalsiamu nyingi, floraidi hushikana nayo na kuganda. Pale kalsiamu inapokuwa kidogo na sodiamu nyingi, floraidi huelea huru. Matokeo yake, maji laini yanayotoa povu la sabuni upesi, ambayo kila mtu anayasifu, yanaweza kuwa na floraidi kuliko maji magumu ya jirani. Ulimi hauwezi kuipima. Kisima kirefu si lazima kiwe salama kuliko kifupi. Mara nyingi maji yaliyokaa muda mrefu kwenye mwamba ndiyo yaliyokusanya zaidi. Na tafadhali, kuchemsha kunaua vijidudu tu: maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo sufuria iliyochemka muda mrefu ina floraidi nzito zaidi. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi ya maji isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuwa na kiwango cha muda kilichoruhusu maji ya vijijini yafike miligramu 8, kwa sababu kufunga visima vyote vilivyozidi kungewarudisha watu kwenye madimbwi. Baadaye ikashushwa kuwa 4, na sasa ni 1.5. Waliokua na maji ya kiwango cha zamani wanatembea na kumbukumbu yake.

Dawa ya maji hayo ninaipenda kwa ujanja wake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa kuwa chembe nyeusi, kisha maji yanapitishwa humo. Floraidi inaganda kwenye mfupa wa ng'ombe kwa kanuni ileile ambayo ingeigandisha kwenye mfupa wa mtoto. Ukiuchoma kidogo, maji yananuka. Ukiuchoma kupita kiasi hadi uwe mweupe, unapoteza uwezo. Na mkaa hujaa, lazima ubadilishwe. Anayekuuzia kichujio na kukuapia kitadumu milele, mwulize alisomea wapi.

Ushauri basi, kwa haraka. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja lakini maji ya bati hayana floraidi ya kutisha: yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo, ya kisima yafue nguo. Dagaa na maziwa visikosekane, magadi yawe kidogo au yasiwepo kabisa. Dawa ya meno yenye floraidi iendelee, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto mdogo, na ateme. Miguu iliyokwishapinda isifungwe mbao wala kunyooshwa kwa nguvu. Anza hospitali ya wilaya Kiomboi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mtoto ambaye bado anakua anaweza kuwekewa kibati kidogo upande mmoja wa gegedu la goti, upande wa pili ukaendelea kukua na kuunyoosha mguu wenyewe. Ila akirudi kwenye maji yaleyale na sahani ileile, mguu nao utarudi ulikokuwa.

Kisima chenu kipimwe. Ombeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, ya wilaya au maabara ya Wizara ya Maji, na mpeleke sampuli kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi inaweza kushikana na kioo na kipimo kikasoma chini ya ukweli.