Saikolojia ya Jamii na Funzo la Ngara

Saikolojia ya jamii ni tawi la saikolojia linalochunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine, hata wasipokuwapo. Wengi hudhani somo hili ni la kutibu wagonjwa wa akili, sivyo. Linamtazama mtu mwenye afya zake na kuuliza atabadilika vipi akiingizwa katika kundi, akipewa cheo au akiletewa wageni mlangoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha saikolojia katika Shule Kuu ya Elimu, na Makerere kina shule nzima ya fani hiyo.

Vitabu vya kozi vimejaa majaribio ya Ulaya na Marekani, mengi yakiwa yamefanywa kwa wanafunzi. Hata hivyo, nadharia za somo hili hupimika vizuri katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ambako historia ilifanya jambo ambalo hakuna maabara ingeruhusiwa kulifanya. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni waliokimbia vita nchini kwao walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kambi ya Benako ikajaa, nyingine zikafuata, ikiwamo Lukole ya Warundi. Haukupita muda mrefu wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi.

Mwanafunzi huanza na utambulisho wa kundi. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika mauaji ya Wanazi, alitaka kujua ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuzaa upendeleo. Karibu na mwaka 1970, mjini Bristol, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi mawili akiwaambia kwamba kigezo ni michoro waliyoipenda, kumbe aliwagawa kwa bahati nasibu. Walipotakiwa kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao. Wengine walikubali hata kundi lao lipate pungufu, ilimradi lizidi lile jingine.

Ngara ilionyesha jambo hilohilo kwa gharama kubwa. Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, na Mrundi husikilizana bila mkalimani, na ndoa na biashara zilivuka mpaka tangu zamani. Lakini kadi ya mgawo wa chakula, na baadaye kanuni ya kutovuka kilomita 4 kutoka kambini, zilichora mstari mpya kati ya mkimbizi na mwenyeji. Undugu wa lugha haukuufuta.

Sehemu yenye mengi zaidi ni ile ya kukutana kwa makundi. Gordon Allport, katika kitabu chake cha 1954, The Nature of Prejudice, alieleza kuwa kuishi karibu hakutoshi kupunguza chuki. Panahitajika hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na mamlaka inayounga mkono. Ushirikiano ulikuwapo Ngara: wenyeji walinunua mahindi ya mgawo kwa bei nafuu, wakimbizi wakapata ndizi. Hadhi sawa haikuwapo. Mkimbizi aliingia shambani kama kibarua wa ujira mdogo, na kibarua mwenyeji akaona riziki yake imechukuliwa. Lengo moja nalo lilikosekana, kwani kuni na maji viligombaniwa. Mamlaka nayo haikuunga mkono: serikali, iliyokuwa na sifa ya kupokea wakimbizi tangu enzi za Mwalimu Nyerere, ilifunga mpaka wa Burundi tarehe 31 Machi 1995. Desemba 1996 Wanyarwanda karibu nusu milioni wakarudishwa kwao. Kwa kipimo cha Allport, uhusiano ulikuwa hauna budi kuharibika, na kusema watu wa Ngara walikuwa na roho mbaya ni kuwaonea.

Biharamulo inafaa kufundishia namna watu wanavyotafuta sababu za matendo. Ujambazi ulipoenea katika barabara zinazokatiza pori, magari yalisindikizwa na polisi, na lawama nyingi zikawaangukia wakimbizi. Mwaka 1979 Thomas Pettigrew aliueleza mwelekeo huu: mwizi wa kwetu husemwa ana njaa, mwizi wa kwao husemwa ndivyo walivyo. Wakimbizi wahalifu walikuwapo kweli. Kosa ni kuligeuza tendo la wachache kuwa sifa ya kundi zima.

Je, mitazamo hiyo hubadilishika? Elizabeth Levy Paluck alichunguza Musekeweya, mchezo wa redio wa kuhimiza upatanisho nchini Rwanda, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Baada ya mwaka mmoja wa kusikiliza, imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikra zao kuhusu kile ambacho jamii inakikubali, na matendo yakafuata huko. Matokeo haya yana uzito Ngara, ambako Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi.

Mbinu za somo ni majaribio, dodoso, mahojiano na ushuhudiaji. Kwa mambo ya 1994 mahojiano ndiyo yenye faida zaidi, tena kwa ridhaa ya anayehojiwa na bila kumlazimisha kurudia yanayomuumiza. Simon Turner wa Denmark aliwahoji Warundi wa Lukole kwa njia hiyo, na kitabu chake kikatoka mwaka 2010. Wenyeji waliokuwa watu wazima wakati ule sasa wanazeeka. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayejua Kihangaza au Kishubi, lugha za wenyeji, na anayetafuta mada ya utafiti, aende akawasikilize wangali hai.