Wageni Wanaowalisha Wageni wa Guangzhou

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo hupiga hesabu ya tiketi, hoteli, bei ya kiwandani na nafasi ndani ya kontena. Chakula hakipewi uzito. Lakini ukiutazama mtaa wa Xiaobei, wilayani Yuexiu, ambako Waafrika wamekuwa wakifikia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, utaona kwamba kinachomwezesha mgeni mwenye mtaji mdogo kukaa wiki nzima akitafuta bidhaa ni mlo wa bei anayoimudu, ulio halali, unaopatikana hata usiku. Na sehemu kubwa ya mlo huo haitoki kwa wenyeji wa jiji. Unatoka kwa wahamiaji wengine, Wachina Waislamu waliotoka mbali kaskazini-magharibi.

Tuanze na bakuli la tambi. Mabango ya migahawa mingi ya aina hii yamebeba jina la Lanzhou, mji mkuu wa mkoa wa Gansu, kwa sababu supu yake ya nyama ya ng'ombe ina sifa China nzima. Wenye migahawa, hata hivyo, wengi wanatoka Hualong, wilaya ya milima iliyojulikana kwa ufukara katika mkoa wa Qinghai, na wengi wao ni wa kabila la Wahui, ambao ni Waislamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 familia za huko zilianza kuhamia miji ya pwani na kufungua migahawa ya tambi. Aliyetangulia alimwita ndugu, akamfundisha kuvuta unga na kumkopesha mtaji. Mpishi huukanda unga wa ngano, akaunyoosha na kuukunja kwa mikono hadi utoke uzi mwembamba, kisha hutumbukiza tambi katika maji yanayochemka. Ukutani zimebandikwa picha za vyakula, kwa hiyo asiyejua Kichina huonyesha kidole tu. Wauighuri wa Xinjiang nao huchoma mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili, harufu ambayo mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa.

Unafuu wa bei ya milo hii una chanzo chake. Pembeni mwa Xiaobei kuna Dengfeng, kijiji cha zamani kilichomezwa na jiji. Wanavijiji walibaki na haki ya viwanja vyao, wakajenga nyumba za ghorofa zilizosongamana kiasi kwamba jua halifiki vichochoroni, na pango likabaki chini kuliko kwenye barabara kuu. Humo wakapanga wahamiaji wa Kichina na wageni wa ng'ambo pia. Mgahawa wenyewe huendeshwa na familia: mume yuko kwenye unga, mke anapokea fedha, mpwa anaosha vyombo. Ni mpango uleule wa mama lishe wetu, ambaye bei yake iko chini kwa sababu jasho la nyumba nzima haliandikwi kwenye hesabu.

Pana watakaosema kwamba Waafrika wana migahawa yao huko, yenye ugali, wali na samaki. Ipo, na ni muhimu kwa mwenye hamu ya chakula cha kwao. Ila mwenye mgahawa wa namna hiyo anahitaji viza, vibali na viungo visivyopatikana kila soko, na gharama hizo humfikia mlaji. Wengine watasema hii ni biashara tu, si ukarimu. Ni biashara, sikatai. Lakini biashara inayomhitaji mteja kila siku humfanya muuzaji ajifunze anachokula na asichokula mtu ambaye jiji halimjui, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliye ugenini.

Hoja nzito zaidi ni ya Aprili 2020. Wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wakalazimishwa kupimwa na kuwekwa karantini, na tawi moja la mgahawa mashuhuri wa kimataifa likabandika tangazo la kuwazuia watu weusi kuingia. Kampuni yake iliomba radhi. Yaliyotokea yanaumiza, na hakuna bakuli la supu linaloyafuta. Yanaonyesha pia mpaka wa hoja yangu: mazoea ya mezani hayana nguvu mbele ya amri ya mamlaka.

Wenye migahawa ya tambi wenyewe wanaujua udhaifu huo wa mgeni mbele ya mamlaka. Mchina asiyeandikishwa kuwa mkazi wa Guangzhou hupata taabu kumwingiza mtoto katika shule ya umma, ingawa ni raia na anafanya kazi humo. Nyumba alimopanga nazo hazina uhakika. Kijiji cha Liede, kilichomezwa na jiji hilohilo, kilianza kubomolewa mwaka 2007, kabla ya Michezo ya Asia ya 2010, na mahali pake yakasimama majengo marefu. Wenye viwanja walilipwa fidia na kupewa nyumba mpya. Wapangaji wakatafuta pengine. Dengfeng ikipita njia hiyo, mvuta tambi wa Hualong na mnunuzi wa Kariakoo watakuwa upande mmoja, upande wa wapangaji.